Springi za baba mdogo

Najua nimepotea. PT iliisha nikaunganisha Tarime moja kwa moja, na nimerudi Mlimani juzi tu. Kabla madesa hayajaanza kunikimbiza, ngoja nitoe hili la moyoni. Na wale mnaoniita "injinia" naomba msicheke mpaka mwisho, tafadhali.

Baba mdogo ana Hilux ya zamani, LN106, ile yenye ekseli nzima mbele na nyuma na springi za majani pande zote nne. Ndiyo inayopeleka mizigo Tarime, Nyamongo hadi Mugumu, na ndiyo inayonimalizia ada pale mkopo unapogota. Springi za nyuma zilichoka mpaka zikanyooka kama rula. Ukipakia saruji, gari linakaa kama mbwa. Halafu ukishavuka Mto Mara kuingia Serengeti unakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua ikinyesha unakuwa ugali. Basi akaagiza springi mpya Nairobi, Old Man Emu za Australia pamoja na shokapu zake, za kunyanyua gari kama inchi 2. Zikapitia Sirari.

Nikamwambia jambo ambalo hakulipenda: springi hazinyanyui difu. Ekseli inabebwa na matairi, kwa hiyo ukitaka difu ipande, weka tairi kubwa. Springi zinapandisha vilivyo juu ya ekseli: chasisi, bodi, tangi. Akaniangalia. "Mura, kwa hiyo nimeibiwa?" Nikasema hapana, tangi halitaburuza tena na mzigo hautakalia ekseli. Hapo kichwa kikaanza kuvimba, nikajiona ndiye msimamizi wa kazi.

Fundi ni mzee mmoja pale mjini, gereji yake ni mwembe na magogo. Tukapiga jeki, chasisi tukaikalisha juu ya magogo, ekseli ikashikwa na jeki ya pili. Yubolti za zamani alizikata, akasema hizo hazirudishwi, zimeshavutika. Springi ya kiwandani ikashuka, mpya ikapanda. Kazi kubwa ni pale katikati: bolti inayofunga majani pamoja ina kichwa, na kichwa hicho lazima kizame kwenye tundu lake juu ya ekseli. Kikikaa pembeni hata kidogo, ekseli inakuwa upogo na gari linatembea kama kaa. Yubolti akazikaza kwa mshazari, kidogo kidogo. Bolti za kwenye bushi hakuzikaza mpaka gari liliposimama kwa matairi yake, maana raba ikikazwa ikiwa inaning'inia, gari likishuka inajipinda na kuchanika. Hili, wadau, sikulipata darasani. Labda nililala.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya Hilux kuna kifimbo kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ya breki iliyo kwenye chasisi. Gari likipakiwa bodi inashuka, kifimbo kinaiambia vali "kuna mzigo", breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Fundi akakigusa, akaniuliza: "Injinia, hiki tunakifanyaje?" Nikamjibu kiachwe, kitajirekebisha chenyewe. Mbele ya watu wote. Kama nilikuwa na digrii tatu.

Kesho yake tukapakia mifuko ya saruji, mimi nikakaa na baba mdogo mbele. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Nyamongo mbuzi wakaingia barabarani na mtoto nyuma yao. Baba mdogo akakanyaga breki. Vali ilikuwa inaamini gari ni tupu, kwa hiyo kazi yote ikaangukia matairi ya mbele. Yakajifunga kwenye utelezi, usukani ukakataa, gari likanyooka tu. Mtoto alirukia majanini. Tulisimama mtaroni, mbuzi mmoja akiwa chini ya bampa, mzima, analia. Na mimi karibu nilie.

Mwenye mbuzi alitutukana Kikurya mpaka akachoka. Tulirudi polepole. Baba mdogo akaenda moja kwa moja kwa fundi, akamwambia pesa iliyobaki asahau. Yule mzee akanitazama mimi. Hakusema neno. Na mimi, wadau, nikanyamaza. Nikatazama viatu vyangu.

Usiku ugali haukupita. Nikamwambia baba mdogo kila kitu, kwamba fundi aliniuliza na mimi ndiye niliyemkataza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Hayo usiniambie mimi. Kesho utamwambia yeye, na pesa yake utampelekea kwa mkono wako."

Nilikwenda saa moja asubuhi. Nilimwamkia, nikampa pesa kwa mikono miwili, nikaomba radhi. Akazihesabu, akaweka mfukoni, akanipa msumeno wa chuma na kipande cha bamba. Nikakata kibano cha kupandisha mguu wa kifimbo inchi 2 pale kwenye ekseli, ili vali isome kama zamani. Cha kwanza nilikata kifupi. Cha pili akachomelea yeye.

Jana baba mdogo kapiga simu, yuko Mugumu. Yubolti zimeshakazwa tena. Kaniuliza matokeo ya PT yanatoka lini, nikamwambia mtandao unasumbua.