Boti ya babu haikwenda Ireland

Mtoto wa miaka kumi na mmoja alirudi nyumbani na kazi ya shule: aandike habari za kitu cha zamani cha familia. Hakusita. Alichagua boti iliyo kwenye picha ukutani kwa babu yake, katika kijiji cha wavuvi kaskazini mashariki mwa Scotland. Boti ya mbao, mbavu zake za mwaloni, iliundwa Macduff miaka ya 1950 kwa ajili ya baba yake babu.

"Sasa iko wapi, babu?"

"Iliuzwa. Ilikwenda Ireland."

Jibu hilo mama wa mtoto alilijua tangu ujana wake. Safari hii akaamua kuitafuta. Huenda bado inaelea, na huenda mwenye nayo angekubali mtoto akaipige picha.

Boti za Scotland zina namna yake ya kufuatiliwa. Tangu sheria ya uvuvi ya mwaka 1868, kila boti huandikwa ubavuni herufi za bandari yake pamoja na namba: FR ni Fraserburgh, BF ni Banff, LK ni Lerwick kule Shetland. Shida ni kwamba boti ikihamia bandari nyingine hupewa herufi na namba mpya, na tajiri mpya akitaka hubadili hata jina. Ukiiulizia kwa jina la zamani, hakuna anayeijua.

Boti moja mashuhuri, Reaper, iliundwa Sandhaven mwaka 1902 ikawa FR 958. Ilipouzwa Shetland ikawa LK 707. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilichukuliwa na jeshi la majini, na baadaye ikabeba mizigo visiwani kwa jina la Shetlander. Mwaka 1975 ilinunuliwa na makumbusho ya uvuvi ya Anstruther, na leo inaitwa tena Reaper. Mama alipoisoma habari hiyo alipata moyo. Mwanawe yeye alifurahia jambo jingine: kwamba kuna aina nzima ya boti za Scotland ziitwazo Zulu, kwa kuwa ya kwanza iliundwa mwaka 1879, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wazulu.

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mama alipekua orodha za boti zinazochapishwa mwaka hadi mwaka. Miaka ya 1960, boti ipo. Ya 1970, ipo. Ya 1980, ipo, herufi zilezile za BF, namba ileile. Katikati ya miaka ya 1990 mstari wake haupo tena. Alitafuta upande wa Ireland, hakuna.

Aliyempa jibu ni fundi mstaafu wa kuunda boti. "Mwanangu, ile haikuuzwa. Ilivunjwa."

Miaka hiyo samaki walikuwa wamepungua katika Bahari ya Kaskazini. Kuanzia mwaka 1993 serikali ya Uingereza iliwalipa wenye boti waache uvuvi, na ili mtu alipwe, boti yake ilipaswa kuharibiwa. Boti nzima nzima, zenye uwezo wa kwenda baharini, zilipasuliwa kwa mitambo. Unaweza kuuelewa mpango wenyewe na bado moyo ukakataa.

Mama alikaa siku nne bila kusema. Mwishowe alimkuta baba yake jikoni, akamwuliza. Mzee hakukana.

"Babu yako alikuwa kitandani," alisema. "Ile boti aliikopea fedha, akailipa kwa miaka kumi na miwili. Ningemwambia nini? Nikamwambia nimeiuza Ireland, kwa watu wazuri. Akawa ananiuliza kama wanaipaka rangi. Nikamwambia wanaipaka."

Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza kwa heshima ya yule mzee. Baada ya mazishi ilikuwa vigumu kuanza kusema vingine.

"Na mimi je?" binti aliuliza. "Mbona hukuniambia?"

Mzee aligeuza kikombe chake. "Wewe ulikuwa Aberdeen, chuoni. Kodi ya kile chumba chako ilitoka humo. Ningekuambia, ungerudi nyumbani."

Binti alikumbuka chumba hicho, na jinsi alivyolalamika kila barua kwamba kina baridi.

Mtoto alikuwa mlangoni, na daftari mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Mama alitaka kumwondoa, babu akamvutia kiti. Mtoto alifuta neno Ireland kwa raba, akapuliza vumbi lake, kisha akauliza ilikuwa tarehe ngapi.

Babu aliitaja papo hapo, na siku ya juma.