Kuoga Kabla ya Thieta

Mathe alikuwa aingie thieta Alhamisi, Embu, kutolewa fibroidi. Sisi ni wa Meru, lakini anti yangu anaishi Embu na ndiye angemwangalia baadaye.

Kliniki walimpa masharti matatu: asile kuanzia saa sita usiku, aje na leso, aje ameoga. Alafu nesi akaongeza, foleni nzima ikisikia, "Na wewe mama, hiyo mikunjo uioshe vizuri." Watu wakacheka. Mathe pia akacheka, kile kicheko cha kujikinga. Kwa matatu ya kurudi hakusema neno hadi tukapita daraja la Nithi.

"Mimi siendi tena."

Enyewe nilimwelewa. Hakuna aliyemuuliza kama mkono wake unafika mgongoni, ama kama akiinama kwa karai ataweza kuinuka. Bafu yetu hata mimi mwembamba naingia kwa upande.

Nikaanza kusoma. Chini ya tumbo, chini ya matiti na kwa mapaja, ngozi ikikunjana inabaki na joto na unyevu, na viini hupenda hapo. Mafuta ya mwili nayo hayapati damu nyingi, kwa hivyo kidonda cha mtu mnene kinapona polepole na kinashika usaha rahisi. Hiyo si uchafu, wasee. Ni vile mwili unafanya kazi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2016 kwamba mgonjwa aoge kabla ya upasuaji, na sabuni ya kawaida inatosha. Kunyoa kwa wembe wakakataa, kwa sababu unaacha vijeraha ambavyo viini huingilia. Na mathe alikuwa ashanunua wembe mbili! Nilizificha.

Jumatano usiku, kwa anti, nilimkalisha kwa stuli ya plastiki, beseni la maji moto kando. Nikaosha mgongo. Nikamwambia ainue tumbo, akakataa. Tukakaa hivyo, maji yakipoa. Mwishowe akaliinua huku akiangalia ukuta, na nikaona: ngozi nyekundu, imechubuka, poda imeganda juu yake. Alikuwa akiificha miezi.

"Usiwaambie. Wataniahirisha."

Niliwaambia. Na waliahirisha, wiki mbili, wakampa krimu ya kupaka na kuniambia nikaushe vizuri kila mara, nisisugue. Hadi Chuka mathe hakunisemesha. Anti alinitumia meseji: umefanya nini sasa?

Wiki mbili tulioga kila jioni. Siku ya tatu aliacha kuangalia ukuta. Siku ya sita akaanza kunipa stori za vile alikuwa akiniosha nikiwa mtoto, na vile nilikuwa nikitoroka na povu kichwani hadi kwa jirani.

Tuliporudi Embu ngozi ilikuwa imefunga. Asubuhi hiyo aliosha mbele mwenyewe, mimi nyuma, hakupaka lotion wala poda. Wodini wakampa gauni. Halikufunga nyuma. Nesi mwingine, kijana hivi, akaliangalia, akaenda bila kusema kitu, akarudi na la pili. Moja tukalifunga mbele, moja nyuma.

"Sasa nimevaa suti," mathe akasema.