Barabara Niliyoiita Mbovu



Tangu wiki iliyopita mmenijazia simu kwa swali moja. Kuna mtu alinipiga picha Jumatatu nikiwa juu ya baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaituma kwa grupu ya kina mama. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, ile ni kaptura. Mchungaji naye ana magoti kama watu wengine. Lakini nyuma ya hiyo picha kuna jambo nimelibeba miaka mingi, na leo Roho Mtakatifu hajaniruhusu kuendelea kulinyamazia.

Mwaka jana daktari alinipima presha akatikisa kichwa. Akaniambia, "Pasta, unakaa sana na unakula sana." Mnajua mnavyonipikia mkinialika. Nikanunua baiskeli ya mitumba, na kwa kuwa Jumatatu ndiyo siku yangu ya kupumzika, nikaanza kuendesha kwenye lami. Wanaoijua barabara kuu ya kwenda Uganda wanajua kwamba malori ya Malaba hayana subira na mtu mnene. Mzee mmoja wa kanisa aliniona akaniambia, "Pasta, kama unataka kumwona Bwana mapema, endelea na hiyo lami."

Nikaenda kwa fundi. Akanionyesha baiskeli ya barabara za changarawe: tairi pana zenye meno, usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano, gia nyepesi za kupandia mlima. Mimi nilidhani huo ni mchezo wa wazungu. Kumbe tangu 2021 kuna mashindano yake kule Maasai Mara, na marehemu Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani, alilibeba jina la Kenya kwenye barabara za namna hii mpaka alipofariki akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Nikauza ile ya kwanza, nikaongeza pesa kidogo.

Na kama kuna kitu Mungu ametupa kwa wingi hapa Uasin Gishu, ni changarawe. Toka mjini alfajiri, iache lami, na baada ya muda mfupi husikii gari. Unakutana na trekta moja, boda boda iliyobeba mitungi ya maziwa, na ng'ombe wanaojua kwamba barabara ni yao. Mahindi huku, ngano huku. Tuko mita kama 2,100 juu ya bahari, kwa hiyo kilima kidogo tu kinakufundisha kuomba bila kukoma.

Nimehubiri katika kaunti hii miaka mingi, lakini niligundua kwamba sikuwa naijua. Nilikuwa nimeipita tu. Kwenye gari unafunga vioo kwa sababu ya vumbi, na ukifunga vioo umefunga na watu pia. Kwenye baiskeli huwezi kumpita mtu bila kumsalimia. Naanza asubuhi nikiitwa "Chamgei!" Kilomita chache mbele ni "Wĩ mwega!" Nikielekea upande wa Turbo ni "Mulembe!" Barabara moja, vumbi moja, salamu tatu.

Na barabara hizi zina kumbukumbu. Kuna mahali kwenye malisho unaona mabonde madogo ya mviringo. Hayo ni mashimo ya Sirikwa, ambamo watu wa kale walifungia mifugo yao. Kuna barabara zilizonyooka kama rula kwa sababu zilipimwa katikati ya mashamba ya walowezi, baada ya Makaburu kufika huku na magari ya kukokotwa na maksai mwaka 1908. Mji wetu wenyewe watu bado wanauita Sisibo, yaani 64, namba ya shamba ulipoanzia. Halafu kuna vijiji vyenye majina ya mbali. Kiambaa. Rironi. Hayo ni majina ya Kiambu. Baada ya Uhuru watu walichanga pesa, wakanunua mashamba ya walowezi pamoja, wakaja na majina ya kwao, kama vile mtu anavyobeba mbegu.

Wapendwa, nimeandika jina la Kiambaa, na najua wengine wenu mmesimama hapo hapo.

Tarehe 1 Januari 2008 watu walikuwa wamekimbilia ndani ya kanisa kule Kiambaa, kanisa la Kipentekoste kama letu, wakitafuta usalama. Kanisa likachomwa moto wakiwa ndani. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Sitaeleza zaidi. Wenye kukumbuka wanakumbuka.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia, niko nyumbani likizo ya Krismasi. Sikushika jiwe wala kiberiti. Nimejitetea kwa sentensi hiyo miaka yote hii. Lakini nilikuwa na rafiki. Tulilala chumba kimoja chuoni, tulifunga na kuomba pamoja, tuligawana sabuni. Kwao ni katika kijiji kimoja cha upande ule, na sitakitaja. Nyumba yao ilichomwa, familia ikaishia kwenye hema pale uwanja wa maonyesho wa Eldoret, pamoja na maelfu ya wengine. Alinipigia simu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nakuja wiki hii."

Sikwenda. Niliogopa majirani zangu wangesema nini wakiniona nimebeba unga kwenda kule. Wiki ikapita, ikawa mwezi, kisha nikaona aibu, na aibu ikawa mazoea. Yeye hakurudi chuoni. Baadaye nikasikia mama yake amerudi kwenye shamba lake. Niliisikia habari hiyo nikiwa tayari mchungaji. Ni mwendo wa saa moja tu kutoka kanisani kwetu. Nimesimama katika maombi ya amani kabla ya uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022. Nimehubiri Mathayo 5, kwamba ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako uende kwanza mkapatane. Mkasema amina. Na kila mara mtu aliponialika upande ule nilikuwa na jibu moja: "Barabara ya huko ni mbovu, gari langu liko chini."

Sasa mnaelewa kwa nini nimewaambia habari za tairi pana. Jumatatu moja nilikuwa nimesimama kwenye njia panda nikinywa maji, nikaona njia ile ya udongo inateremka upande wa kushoto. Nikasikia moyoni wazi kabisa: Si nimekupa baiskeli ya barabara mbovu?

Sikuwa na kisingizio tena. Nikateremka.

Mama alikuwa anaanika mahindi. Nikavua helmeti, nikasema jina langu. Aliniangalia muda mrefu. Akasema, "Wewe ndiye uliyesema utakuja wiki hiyo." Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yote yakaisha. Nikasema tu, "Nilikosa. Niliogopa, nikawaacha."

Hakunikumbatia. Hakulia. Alinipa maji nikanawa vumbi, akanipa kiti, akaleta chai. Tukanywa kimya. Mwishowe akasema, "Mimi nimekusikia. Lakini simu haikupigwa na mimi." Akanisomea namba ya mwanawe.

Nilimpigia jioni hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, nimesikia," akakata. Mpaka leo hajanipigia. Ningependa kuwaletea ushuhuda wenye vigelegele, lakini huu ndio ninao. Sitamharakisha. Yeye alingoja zaidi ya miaka 15. Mimi nikingoja si mateso, ni haki. Kwa mama ninarudi kila baada ya Jumatatu moja, ninamsaidia kupukuchua mahindi. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema, "Andika, lakini usijipambe."

Soma Matendo ya Mitume sura ya 8. Filipo alikuwa Samaria kwenye uamsho mkubwa. Watu wanafunguliwa, mji mzima una furaha. Mchungaji gani angeondoka hapo? Lakini malaika akamtoa kwenye umati akampeleka kwenye barabara ya jangwa, haina watu, kwa ajili ya mtu mmoja kwenye gari moja. Na andiko linasema alipomwona, alikimbia kumfikia. Mimi nilikuwa nimekaa Samaria, na vyombo vya muziki na kipaza sauti, huku mtu wangu mmoja yuko kwenye barabara tupu.

Mpendwa, wewe una barabara gani unayoiita mbovu? Pengine ni ya kwa shemeji mliyegombana kwa ajili ya shamba. Pengine ni ya kwa jirani uliyeacha kumsalimia wakati wa kampeni. Mungu hakudai ufike na maneno matamu, wala hakukuahidi kwamba utakumbatiwa. Anataka uteremke. Huhitaji baiskeli. Miguu inatosha. Na usingoje mwaka wa uchaguzi ndio ukumbuke amani.

Tuombe. Baba, utusamehe kwa simu tulizopokea na ahadi tulizoziacha zife. Wafariji waliopoteza wao Kiambaa na kila mahali. Tupe ujasiri wa kwenda tunakoogopa, na unyenyekevu wa kungoja tukishafika. Katika jina la Yesu. Amina.

Jumapili tunakutana saa tatu. Nitakuwa nimevaa suti, msiogope.