Hewa ya Wizi

Jamani, usiku ule tulimpakia mama mwenye uchungu kwenye Hilux ya zamani ya petroli, ikazima kabla hata hatujaondoka. Ukikanyaga mafuta inaenda, ukiachia tu inatetemeka, inazima. Dereva hakuachia mguu mpaka kliniki.

Asubuhi fundi akasema pampu imekufa, tuchange. Tuchange nini, na sisi tunasubiri mgao? Tena pampu ikichoka, gari ingeshindwa mlimani kwanza.

Tukafungua boneti, tukasikiliza: fyuuu! Tukanyunyiza maji kwenye mpira mmoja wa hewa, sailensa ikabadilika palepale. Ulikuwa na ufa, injini inavuta hewa ambayo kipimo hakiihesabu. Tumeufunga na kipande cha tyubu ya baiskeli. Mpya bado tunautafuta, mwenye kuuona Kasulu atuambie.