Kiti na Ratiba

Sheria za utumishi wa umma hapa Tanzania zinautambua uzee wa watumishi walio wengi kwa namba mbili tu. Ukifika miaka 55 waweza kuondoka kwa hiari yako; ukifika 60 unaondoka, utake usitake. Katikati hapana ngazi. Leo mtu ni mtumishi kamili, kesho ni mstaafu kamili, kama abiria anayeshushwa basi likiwa halijasimama sawasawa. Watu wa Sweden walianza mwaka 1976 kuwapa wazee wao sehemu ya pensheni huku wakibaki na sehemu ya kazi. Kwetu, mtumishi aliyechoka ilimbidi ajichongee ngazi yake mwenyewe.

Mimi niliichonga mwaka 2007. Nilikuwa na miaka 57, mkuu wa chuo cha ualimu cha serikali. Mke wangu alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia, mkono na mguu wa kulia ukawa mzito, na daktari alitaka apelekwe mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki katika hospitali ya mkoa, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Na mkuu wa chuo, kwa asiyejua, hana saa za kazi. Umeme ukikatika bwenini usiku wa manane, wanakugongea wewe. Mchele ukiisha stoo, ni wewe. Mwanachuo akiugua, ni wewe unayetafuta gari.

Wenzangu walinipa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa nistaafu kwa hiari. Lakini nilikuwa na watoto wawili bado shuleni, na dawa hazinunuliwi kwa heshima ya cheo cha zamani. Wa pili ulikuwa niombe nusu ya kazi kwa nusu ya mshahara. Huu ulisikika kuwa wa busara, nao ndio uliokuwa wa hatari kuliko wa kwanza.

Nitaeleza kwa hesabu, maana walimu wengi hawaifanyi mpaka siku ya kujaza fomu. Kwa kanuni iliyotumika wakati ule, mshahara wa mwisho wa mwaka ulizidishwa kwa miezi ya utumishi, kisha ukagawanywa kwa 540. Nusu ya jibu ilizidishwa kwa 15.5, ukapewa kwa mkupuo. Nusu iliyobaki ikawa pensheni yako ya mwaka. Mchukue mwalimu wa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, aliyetumikia miaka 33, yaani miezi 396. Mkupuo wake ni shilingi 40,920,000, na pensheni yake 220,000 kwa mwezi. Mshushe huyo mshahara hadi 300,000 katika mwaka wake wa mwisho: mkupuo unakuwa 20,460,000, na pensheni 110,000, mpaka siku ya kuzikwa. Miaka 32 ya jasho inapimwa kwa mwaka mmoja wa udhaifu. (Kanuni imebadilishwa tangu hapo, mwaka 2018 na tena mwaka 2022, kwa hiyo msomaji aliye kazini asitumie namba zangu, aende kwenye mfuko wake akaulize.)

Hivyo sikuomba saa chache. Niliomba kushuka kwenye kiti. Mshahara wa mwalimu hufuata daraja lake, wala haufuati meza anayoikalia. Mkuu akirudi kuwa mkufunzi, daraja linabaki naye. Nilipanda basi kwenda ofisi iliyokuwa juu yangu nikiwa na karatasi mbili: barua, na ratiba niliyoichora mwenyewe kwa rula.

Afisa aliyenipokea alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.”

Akaisoma barua, akaiweka chini. “Mwalimu, utumishi wa serikali hauna kazi nusu.”

“Ni kweli, na sijaomba kazi nusu. Tazama karatasi ya pili.”

Ratiba ilionyesha vipindi 14, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, pamoja na kusahihisha maandalio ya masomo ya wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha, kazi ambayo wakufunzi vijana huikimbia. Akauliza nani atashika chuo. Nikamjibu kwamba makamu wangu anaweza, na kwamba nitabaki kitini mpaka mwezi wa Desemba, tufunge hesabu za mwaka pamoja. Hapo ndipo uso wake ulipolegea. Nadhani hofu yake haikuwa sheria kamwe. Alikuwa akiogopa kuachiwa pengo.

Niliomba siku, sikuomba saa, kwa sababu saa huliwa. Ukikubaliwa kuondoka saa nane, kikao kitaitwa saa saba na nusu. Na niliomba jibu la maandishi. Yule afisa alihamishwa baada ya miezi minane, na aliyemfuata akataka kujua kwa nini mzee fulani haonekani Jumanne na Alhamisi. Barua ikajibu kwa niaba yangu.

Gharama ilikuwepo. Nyumba ya mkuu wa chuo ilikuwa na veranda pana na mwembe. Tulihamia nyumba ya vyumba viwili karibu na jiko la wanachuo, na moshi wake. Mke wangu hakusema neno siku ya kuhama, ila aliomba kiti chake kitangulie. Kikao cha kwanza nilikaa nyuma. Mkuu mpya kila jambo alikuwa akigeuka kunitazama, nami nikawa ninatazama dirishani, mpaka akaacha.

Jumanne na Alhamisi tulipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa Juni mwaka uliofuata alishuka ngazi za basi bila kunishika bega, akaniambia nibebe mkoba tu.