Tairi limeisha mapema: kasoro ni ya nani?

Katika fiqhi ya biashara umo mlango ambao wengi wetu huupita haraka, nao ni mlango wa hiari ya kurudisha bidhaa yenye kasoro. Wanazuoni wameeleza kwamba mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya mauzo, naye hakuambiwa, ana haki ya kukirudisha kitu na kudai fedha zake. Kasoro iliyozuka mikononi mwake haimpi haki hiyo. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, anayetaka kurudisha hutakiwa asicheleweshe tangu alipoijua kasoro. Hukumu yote, basi, husimama juu ya swali moja: kasoro hii ilianza lini?

Swali hilo limetufikia sisi wa kamati ya msikiti huku milimani Usambara, wilayani Lushoto, kwa jambo ambalo huenda likaonekana dogo: matairi ya baiskeli.

Jamaa ya msikiti wetu ilichanga fedha, zikanunuliwa baiskeli 5 za gia, zile za milimani, kwa ajili ya walimu wanaosomesha madrasa katika vitongoji vya mbali. Zilikuwa za mtumba, kwa hiyo zikafungwa matairi mapya 10 kutoka kwa muuzaji mmoja ambaye ni mwenzetu katika safu za swala. Haikutimia miezi minne, matairi ya nyuma yakaanza kuwa vipara na mengine yakachanika ubavuni. Mwalimu mmoja alianguka mteremkoni baada ya tairi lake kupasuka, akaumia bega. Mwenyezi Mungu alimnusuru na kubwa zaidi, kwani ukingoni mwa njia ile pana korongo.

Maneno yakaanza barazani. Ikasemwa kwamba muuzaji ameuza bidhaa feki na amekula pesa za msikiti. Wapo walioacha kununua dukani kwake, na yeye akaacha kuonekana katika swala ya Isha. Fedha za matairi zingeweza kuchangwa upya siku yoyote. Heshima ya mtu ikishavunjwa haichangwi.

Kamati iliamua kwamba neno lolote lisitolewe dhidi ya ndugu huyu hadi ushahidi utazamwe. Surat al-Hujurat imetuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na sura hiyohiyo imetutahadharisha na dhana. Akaitwa fundi wa baiskeli, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Matairi yote 10 yakavuliwa na kupangwa uani, walimu wakiwapo na muuzaji akiwapo.

“Ustadhi,” fundi alituambia, “tairi ni shahidi asiyejua kusema uongo. Ila msikilizeni mpaka amalize.”

Alianza kwa kutueleza asili ya tairi lenyewe. Tairi la baiskeli ya milimani limeundwa kwa ajili ya udongo. Vinundu vyake virefu, ambavyo mafundi huviita kashata, huzama katika ardhi laini na kushika. Juu ya lami, kama ile ya barabara ya Mombo hadi Lushoto, havina pa kuzama. Uzito hubebwa na ncha za vinundu vichache, navyo hupinda kila gurudumu linapozunguka, husagika, na mwishowe huchanika kwenye shina. Mpira laini hushika vizuri zaidi lakini huisha upesi. Mpira mgumu hudumu, ila huteleza juu ya jiwe lililolowa. Tena tairi la nyuma hutangulia kuisha, kwa sababu hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji, na ndilo linalosukumwa na mnyororo. Kwa hiyo tairi la nyuma kuisha kabla ya la mbele si dalili ya udanganyifu.

Kisha akayasoma moja baada ya jingine. Matatu ya nyuma yalikuwa na kipara mahali pamoja au pawili tu, na kwingine kashata zilikuwa bado ndefu. Hiyo ni alama ya kuburuza: mpandaji hubana breki ya nyuma kwa nguvu mteremkoni hadi gurudumu likome kuzunguka, na tairi likasagwa na changarawe mahali palepale. Gurudumu linalozunguka hugawa mchubuko wake duara zima. Lililokoma huutoa mahali pamoja. Walimu wetu vijana wakatazamana.

Mawili mengine yalikuwa yamekatika ubavuni kwa mstari ulionyooka, uliofuata mzunguko wa tairi kana kwamba umechorwa kwa kisu. Fundi akazigeuza baiskeli zake, akatuonyesha vipande vya breki vilivyokaa juu mno. Badala ya kubana rimu, vilikuwa vikigusa mpira, na kila breki ilipobanwa ubavu ulilika kidogo hadi nyuzi za ndani zikakatika. Mojawapo ndilo lililomwangusha mwalimu wetu. Kulegeza skrubu moja, kushusha kipande na kukaza tena kungetosha kuliokoa tairi na bega la mtu.

Yakabaki mawili ya kundi la mwisho. Haya yalitoka kwenye baiskeli iliyotembea kidogo kuliko zote, na kashata zake zilikuwa ndefu. Lakini mpira wake ulijaa nyufa nyembamba kila upande, na fundi alipozisukuma kashata kwa kidole gumba ziling’oka vipande vipande. Mpira huzeeka hata usipotumika. Jua na hewa huula polepole. Uzee wa namna ile haukuwa wa miezi minne. Muuzaji akayachukua, akayageuza, akakumbuka kwamba yalining’inizwa nje ya duka lake, juani, kwa muda mrefu ili wapitao wayaone.

“Haya ni yangu,” akasema mbele ya wote. “Sikujua kuwa yameharibika, lakini ni yangu.”

Matairi 7, basi, yalikuwa na kasoro. Matano ziliwapata mikononi mwa wapandaji, mawili yalitoka nazo dukani. Muuzaji akayabadili hayo mawili, na kwa kuwa yalikwishatumika miezi minne, tukasikilizana naye kulipa sehemu ndogo ya bei. Waliomsema wakamwendea kumwomba radhi.

Tumeyaandika haya kwa sababu mizani ina pande mbili. Upande wa muuzaji, tunakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka na kukuta majimaji ndani yake. Mwenye lundo akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Kutokujua hali ya bidhaa yako huenda kukakuondolea dhambi ya hadaa, lakini hakukuondolei dhamana. Anayeuza matairi na ayahifadhi kivulini, ayakague kabla ya kuyatoa, na lililokaa sana aseme limekaa.

Upande wa mnunuzi na familia yake, amana ipo vilevile. Tunawanasihi wazazi mambo machache.

Kwanza, matairi ya magari huandikwa tarakimu 4 za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ya baiskeli aghalabu hayana. Kwa hiyo mkague mwenyewe. Likunjeni tairi kwa vidole na mtazame kama panafunguka nyufa.

Pili, soma namba ubavuni. Tairi la milimani la inchi 26 huandikwa 559 katika vipimo vyake, na lile la baiskeli nyingi za mjini, 26 kwa 1 3/8, huandikwa 590. Yote mawili huitwa “ishirini na sita”, lakini moja haliingii kwenye rimu ya jingine.

Tatu, upepo. Kipimo kimeandikwa ubavuni; kwa tairi la inchi 26 kwa 1.95 mara nyingi ni kati ya pauni 40 na 65 kwa inchi ya mraba. Tairi lenye upepo haba, hasa likibebeshwa gunia la viazi au abiria, hujikunja kila mzunguko hadi nyuzi zake zikatike.

Nne, kagueni breki kila wiki, ziguse rimu peke yake. Na mteremkoni mpandaji atumie breki zote mbili, kidogo kidogo, kabla kasi haijakua.

Tano, tairi jipya lifungwe mbele, na lile la mbele lililotumika kidogo lihamishiwe nyuma. Tairi la nyuma likiteleza, mpandaji aghalabu hujirudi. La mbele likiteleza, huwa yuko chini tayari.

Na vijana wetu wanaoshindana kuburuza matairi mbele ya wenzao, ili vumbi litimke na mstari ubaki barabarani, waambiwe kwa upole kwamba mstari ule ni fedha ya baba iliyoachwa njiani. Israfu haiko katika chakula na mavazi peke yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wauzaji wasiofichana kasoro, wanunuzi wasiotuhumiana bila ushahidi, na walinzi wa kila amana tuliyokabidhiwa. Amin.