Miguu Isiyotulia na Usingizi wa Mzazi



Katika kurasa hizi tumezoea kupeana khabari za harusi, za mitihani na za waliotutangulia mbele ya haki. Leo naomba nafasi niseme jambo ambalo wanawake hulionea haya: miguu isiyotulia usiku.

Binti yetu mmoja hapa Maskati, mimba yake ikiwa ya mwezi wa nane, alikuwa hawezi kulala. Kila akijinyoosha kitandani husikia mfano wa chungu wanatambaa ndani ya miguu, mpaka ainuke atembee. Akitembea hutulia, akilala yarudi. Wapo waliosema kachezewa, na wapo waliosema anadeka. Mtoto wa watu akanyamaza, akawa analia peke yake saa nane za usiku.

Maradhi haya si mageni. Dakta wa Kiingereza, Thomas Willis, aliyaeleza mwaka 1672, na Dakta Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akayaandikia kitabu kizima mwaka 1945. Humpata takriban mja mzito mmoja katika kila watano, khasa miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi huondoka muda mfupi baada ya kujifungua. Tena hurithiwa. Basi enyi mabibi, kama yalikupateni, waambieni binti zenu. Kunyamaza kwetu ndiko kunakowafanya wadhani wamerogwa.

Sababu moja kubwa ni uchache wa madini ya chuma, kwani mtoto tumboni huchukua fungu lake kwa mama. Damu yaweza kupimwa ikaonekana nzuri, kumbe akiba ya chuma imekwisha. Mwombeni dakta aipime akiba hiyo, iitwayo feritini. Binti yetu alipimwa, akapewa vidonge vya chuma, na baada ya wiki kadhaa akaanza kupata usingizi. Lakini mtu asijiamulie vidonge mwenyewe, maana chuma kikizidi nacho hudhuru.

Na hapa pana ada yetu moja yenye hasara: chai. Sisi chakula hakijashuka, birika limeshafika, na chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kahawa nayo ni vivyo hivyo. Ngojeni saa moja au mbili. Kamulieni ndimu juu ya kunde, dengu na mchicha, kwani ndimu hukisaidia chuma kuingia. Nyama nyekundu ni njema. Ama maini, ambayo wazee wetu walikuwa wakimlisha mja mzito, madakta siku hizi humkataza kwa wingi wa vitamini A.

Mtoto akishazaliwa, usingizi hukatika upya. Mchanga hulala kiasi cha saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande vipande, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na hajui usiku wala mchana. Si kwamba maziwa ya mama ni mepesi. Alazwe chali juu ya godoro gumu, bila ya mto wala mablangeti mazito, wala mtu asilale naye juu ya kochi.

Kwetu Unguja mzazi alikuwa na siku zake arobaini: mmoja amkanda, mmoja apika, mmoja abeba mtoto. Leo, ghorofani London au Dubai, yuko yeye na mume aendaye kazini alfajiri. Ada ile haikuwa anasa, ndiyo iliyokuwa dawa ya usingizi. Nashauri kila penye mzazi jamaa tugawane zamu: mama amnyonyeshe mtoto, kisha mwengine ambebe, mwenyewe alale saa chache za mfululizo. Na mume naye ana mikono. Mzazi asiyepata usingizi hata mtoto akiwa amelala, au aliyekata tamaa, apelekwe kwa dakta upesi. Hayo ni maradhi, si upungufu wa imani.

Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu afya, na vichanga vyetu umri mrefu. Amin.